Grisi Chini ya Kucha

Namhimidi Mwenyezi Mungu aliyeyafanya maji kuwa twahara, na akaniacha hai mpaka umri huu nikiwa bado na macho ya kuona tundu la jeti ya kabureta. Rehema na amani zimfikie Mtume wake, na jamaa zake, na sahaba zake wote. Baada ya hayo, nieleze yaliyopita kati yangu na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, kwa sababu ya pikipiki.

Hatupatani. Nalisema mapema ili msomaji asikae akingoja suluhu. Nyumba zetu hapa Tanga mjini zinatumia ukuta mmoja wa uani, na msikiti wetu ni mmoja. Yeye alikuwa fundi wa mitambo bandarini, akastaafu, sasa ndiye muadhini. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule, nikastaafu, na kwa miaka mingi nimeswalisha Adhuhuri na Alasiri. Yaani yeye huita watu, mimi husimama mbele yao, na katikati hapo hatusalimiani ila kwa ile salamu ambayo dini imetulazimisha.

Pikipiki yangu ni ya Kijapani, ya zamani, ile aina ambayo oili huchanganywa na petroli tenkini. Niliipata nikifundisha Mwera, na barabara za huko ndizo zilizoizeesha. Sasa inanipeleka Tongoni kila Jumapili, ambako nina darsa ya akina mama. Wanangu wameniambia nipande bodaboda. Nimepanda. Kijana anakwenda kama anayekimbizwa, na magoti yangu hayana pa kukaa. Juu ya chombo changu najua kila mlio unatoka wapi.

Lakini chombo cha zamani pwani hakikuachii upumzike. Hewa ya chumvi inakula waya, inakula spoku, inaingia mpaka kwenye pointi za moto, zile zinazowasha plagi, zikaota kutu ya kijani. Kila baada ya wiki mbili naketi uani juu ya kigoda, nasugua pointi kwa msasa laini, napima nafasi yake kwa kipande cha jalada la kalenda nilichokikata miaka iliyopita na ambacho hakijanidanganya. Nikimaliza napiga kiki, na moshi mweupe unapanda, unavuka ukuta, unatua juu ya kanzu za shemeji zilizoanikwa.

Naye hulipiza. Maji ya kufulia anayamwaga kwenye mfereji unaopita chini ya ukuta na kutokea pale pale ninapoweka kigoda.

"Shehe," aliniambia siku moja, kichwa chake kimechomoza juu ya ukuta, "hiyo unaitengeneza au unaosha maiti?"

"Ikishakuwa maiti nitakuita uiadhinie."

"Maiti haiadhiniwi. Hata hilo umesahau, kwa ajili ya petroli."

Mtaa mzima unajua kwamba hakuna anayeijua injini kama yeye. Angeweza kuvuka akaniondolea taabu ya mwezi kwa asubuhi moja. Hakuvuka, na mimi sikumwomba. Ningesukuma pikipiki mpaka Tongoni kwa mikono kabla sijamwomba.

Ilikuwa siku ya kawaida, kabla ya Alasiri. Floti ya kabureta, lile boya la kuzuia petroli, ilikuwa imekwama na petroli inamwagika ovyo. Nikaifungua, nikaisafisha kwa mswaki mkuukuu, na nikiwa hapo nikaona afadhali niguse na cheni. Cheni ilikuwa na grisi ya zamani, nzito, nyeusi. Adhana ikanikuta mikono imezama humo. Nikajifuta kwa kitambaa chenye petroli, nikatia sabuni, nikatawadha kwa haraka, nikaenda.

Watu walikuwa safu tatu. Nilikuwa nimeshafika mihrabu shemeji aliposogea, badala ya kukimu swala akasimama mbele yangu.

"Shehe, naomba mikono."

"Mikono ya nini?"

"Tuione."

Nikaitoa, maana kuificha kungekuwa vibaya zaidi. Akashika kidole changu cha shahada, akatoa kijiti cha mswaki mfukoni, akakipitisha chini ya ukucha. Kisha akakiinua watu wakione. Ncha yake ilikuwa na grisi, imejaa kama wino kwenye kalamu.

"Hii si rangi," alisema, na sauti yake ni ya muadhini, haijui kunong'ona. "Rangi haizuii maji. Hii ni grisi yenyewe. Na kitu kikikaa juu ya mwili maji yasifike, udhu haukutimia. Si maneno yangu. Ni darsa yako ya Ramadhani, nilikuwa nimekaa pale kwenye nguzo."

Ni kweli, alikuwa amekaa pale kwenye nguzo. Nami ndiye niliyesema.

Akamwita fundi cherehani mmoja aliyekuwa safu ya kwanza aswalishe. Mimi nikatoka mpaka kwenye bomba, nikasugua vidole mpaka vikauma, nikarudi nikaswali safu ya nyuma, rakaa mbili zimenipita. Kabla ya Magharibi habari ilishafika kwenye kundi la simu la msikiti. Mmoja aliuliza kama swala zote alizoswali nyuma yangu zirudiwe. Nikamwandikia kwamba aliyemfuata imamu bila kujua, swala yake imesihi. Imamu ndiye arudie. Nikaandika hivyo kwa vidole vile vile.

Na nikarudia. Nilihesabu siku tangu nilipoigusa ile cheni mara ya kwanza mwezi huo, nikaswali zote, mke wangu akinitazama. Nilikuwa na hasira ambayo sijaipata tangu ujana. Alikuwa na haki, na ndicho kilichonichoma. Angekosea ningemsamehe siku hiyo hiyo.

Kesho yake wazee watatu wa kamati wakaja barazani kwangu. Walikunywa kahawa, wakauliza afya, halafu mkubwa wao akasema, "Mwalimu, watu wametiwa shaka. Na imamu anayetiliwa shaka hafai. Basi ama uache hicho chombo, ama uache mihrabu. Tupe jibu Ijumaa."

Walipoondoka nikamwambia mke wangu, "Kaka yako amefurahi sasa."

"Amefurahi," alisema. Alikuwa anakuna nazi, hakuinua uso. "Lakini yeye alishika injini maisha yake yote, na hujawahi kumwona na ukucha mweusi. Hilo hukujiuliza?"

"Alikuwa na dawa za bandarini."

"Dawa gani. Alikuwa anakwangua sabuni ya mche kabla hajaanza kazi. Kucha zote kumi, mpaka zijae. Grisi haipati pa kuingia. Ukimaliza unaosha, sabuni inayeyuka yenyewe. Mimi ndiye niliyekuwa nikinunua hiyo sabuni, kabla hujanioa."

"Kwa nini hakuniambia?"

"Mlizungumza lini nyie wawili?"

"Na wewe?"

"Nilidhani unajua. Wewe si ndiye mwalimu?"

Nilikwenda bafuni nikachukua mche wa sabuni.

Ijumaa niliswali nyuma, na baada ya swala nikawaambia kamati kwamba waje na muadhini wao Alasiri, jibu nitalitoa hapo. Nikarudi nyumbani, nikakwangua sabuni kwa vidole vyote kumi, nikafungua pikipiki. Sikuchagua kazi nyepesi. Nilitoa cheni yote, nikaiosha kwa mafuta ya taa, nikaipaka grisi mpya, nikatoa sproketi ya mbele, lile gurudumu la meno la cheni, ambayo haikuwa imetoka kwa miaka. Shemeji aliona yote kutoka juu ya ukuta. Maji ya kufulia yalikuja mengi kuliko siku zote.

Nikaosha, nikatawadha polepole, nikaenda msikitini nanuka mafuta ya taa. Wazee watatu walikuwa safu ya kwanza. Sikungoja kuombwa. Nilinyoosha mikono yote miwili.

Shemeji alitoa kijiti. Alianza na kidole gumba cha kulia, akaenda kimoja kimoja, hakuruka. Kila mara alikiangalia kijiti kwenye mwanga wa dirisha. Vidole kumi. Kisha akainusa mikono yangu.

"Sabuni ya mche," alisema.

"Sabuni ya mche."

"Nani kakwambia?"

"Dada yako."

Niliona shingo yake imevimba, kama mtu aliyeibiwa.

"Kidole cha mwisho ulikikwangua vibaya," alisema. "Siku nyingine kitakuaibisha." Kisha akanigeuzia mgongo, akakimu swala, na mimi nikasogea mbele.

Hapo ndipo tulipo mpaka leo. Pikipiki ipo, mihrabu ninayo. Lakini kila Alasiri, kabla ya kukimu, muadhini ananikagua mikono mbele ya watu, hata siku ambazo sikushika spana. Wageni hudhani ni utaratibu wa msikiti wetu. Sijamwambia aache, maana sina hoja. Maji yake bado yanakuja chini ya ukuta, na moshi wangu bado unakwenda kwake, nami nakiri kwamba nyakati nyingine napiga kiki mara moja zaidi ya inavyohitajika. Nikisujudu namshukuru Mola kwamba udhu wangu haujawahi kuwa safi kama sasa. Namwomba pia anijaalie nimshukuru mtu aliyeusababisha, na hilo bado sijalipata.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akutakabalie udhu wako na swala zako, akukinge na kufedheheka mbele za watu, akupe jirani mwenye ulimi laini kuliko wangu, na akulainishie moyo mapema, kabla ya umri kama huu wangu. Amin.