Chandarua Kilichomwondoa Ponsian

Ponsian alikuwa fundi baiskeli hapa kwetu Kasekese, mtu wa darasa la saba, mpole, mwenye mwandiko mzuri kuliko wa mwenyekiti. Mwaka 1996 walipokuja watafiti kujaribu vyandarua vyenye dawa ya kuua mbu, kijijini walimwajiri yeye. Nilimtazama akifanya kazi, maana mimi siachi kutazama. Alivaa glovu, akapima maji, akapima dawa, akakichovya chandarua na kukikanda polepole mpaka kila uzi ukanywa. Kisha alikitandaza mkekani, kivulini.

"Shemeji," aliniambia, kwa kuwa alikuwa rafiki wa mume wangu, "hiki si kitenge. Usikifue mpaka nije kukichovya tena, baada ya miezi sita."

"Na kikichafuka?"

"Kikae na uchafu wake. Mbu si mkwe."

Nilicheka. Ila wakwe walikuja kweli. Mwezi wa tatu tangu kichovywe, ukoo wa Mwandu, Wasukuma wenye ng'ombe, walileta habari kwamba wanakuja kumposa binti yangu Getrude, na watalala kwetu. Chandarua kilikuwa kimepiga weusi kwa moshi. Jirani yangu Pudensiana alichungulia chumbani.

"Mama Getrude, wageni utawalaza kwenye gunia la mkaa?"

Nyumba yenye binti wa kuolewa hutazamwa mpaka matandiko. Nikakipeleka mtoni, nikakisugua kwa sabuni ya mche mara tatu, nikakianika juani kutwa. Kikang'aa.

Wakwe hawajaondoka, watafiti wakaja kupima. Waliweka mbu hai ndani ya kikombe cha plastiki, wakakifunika juu ya chandarua, wakangoja. Kwa majirani mbu walikuwa wamekufa. Kwangu waliruka kama wako bondeni.

Mkubwa wao, Bwana Leonidas, alimgeukia Ponsian mbele ya watu. "Dawa ya nyumba hii umeiuza wapi?"

Ponsian alikiinua chandarua puani. Akanitazama. Akawatazama wakwe kwenye viti vyetu vya kuazima.

"Labda nilikosea kipimo, bwana," akasema.

Mimi niliendelea kuchambua mchele.

Alifukuzwa siku hiyo hiyo. Getrude aliolewa. Watu waliokuwa wakimpelekea Ponsian baiskeli wakaanza kumtania, "Fundi, usije ukauza na minyororo yetu!" Wengine hawakuwa wanatania.

Miaka miwili baadaye nilimwendea. Alikuwa anabandika kiraka.

"Shemeji, kile chandarua nilikifua."

"Kilinukia sabuni. Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Mbele ya wakwe zako? Nilifikiri wakiondoka utakwenda mwenyewe. Watafiti walikaa hapa wiki nzima. Nilikungoja."

Nilimwambia twende Mpanda mjini tukawatafute.

"Wameshamaliza, shemeji. Nyumba yako wameiandika kwamba dawa ilishindwa, na mimi wameniandika mwizi." Akalitumbukiza tairi kwenye beseni la maji, akatafuta mapovu, asinitazame tena.

Nilipotoka kwake siku ile nilipaswa kwenda kwa mwenyekiti kumsafishia jina. Nilihofia Getrude, nikahofia mkwe, nikahofia mdomo wa Pudensiana. Ukapita mwaka mwingine ndipo nikasimama kanisani baada ya ibada nikasema yote. Pudensiana akasema, "Lakini hayo si ya zamani?" Ponsian alikuwa ameshahamia Karema kutengeneza injini za boti. Kila anayeshuka huko namwagiza amwambie kwamba nimesema. Hakuna aliyeniletea jibu.