Wengi Ni Wangapi

Katika ofisi yetu ya ensaiklopidia tulimwita Asilimia, na jina hilo lilimkaa vizuri kuliko shati lolote alilowahi kuvaa. Kazi yake ilikuwa kuandika sehemu ya wakazi: nchi fulani ina watu wangapi, wa makabila gani, wa dini zipi. Mimi ni mchora ramani. Meza zetu zilitazamana, kwa hiyo kero zake zote nilizipokea mimi kwanza.

Maana alikuwa msumbufu, tusidanganyane. Ukimpelekea makala yenye neno "wengi", anavua miwani, anakutazama, anauliza, "Wengi ni wangapi?" Kabila na dini alivitenganisha, kila kimoja na aya yake. Kila asilimia aliitaka na mwaka wake na chanzo chake. Mtu aliyekataa kutaja dini yake, Asilimia hakukubali awekwe fungu moja na asiye na dini, hata kama mstari ungekuwa mfupi zaidi. Siku moja tarishi alimtania wakati wa chai, "Asilimia, mkeo anakupenda kwa asilimia ngapi?" Akajibu bila kucheka, "Takwimu za mwaka gani?" Tulicheka mpaka chai ikatupalia.

Kumbe nyumbani kwake kulikuwa na jambo lililomshinda.

Mama yake alitoka katika kabila dogo sana, lile ambalo ukilitaja watu wanadhani umekosea kutamka. Asilimia mwenyewe alihesabiwa upande wa baba, kabila kubwa, hana shida. Lakini tangu mama yake mdogo azikwe, mama alibaki hana mtu wa kuongea naye lugha ya kwao. Miguu ilikuwa imeshamgomea, anashinda kitandani karibu na dirisha, na ombi lake lilikuwa moja tu.

"Baba, si wewe ndiye unayeandika watu?" alimwambia mwanawe. "Tuandike na sisi. Nione jina letu kabla sijafa."

Sensa ilipofika, alitaka avalishwe gauni lake la kutokea. Karani, binti mwenye adabu zake, akaketi ukingoni mwa kitanda na kishikwambi mapajani. Mama akalitaja kabila lake, tena polepole, kama anayemtajia mtu njia. Binti akateremsha orodha, akaipandisha, akaiteremsha tena.

"Bibi, halimo humu."

"Mimi si nimo humu ndani? Hunioni?"

"Nakuona, bibi. Lakini halimo."

Akabonyeza "Mengineyo", akaaga kwa heshima, akaenda nyumba ya jirani.

Matokeo yalipotangazwa, Asilimia alikwenda mwenyewe ofisi ya takwimu kuomba mchanganuo wa hayo mengineyo. Walimpokea vizuri, wakampa na kiti. Wakamweleza kwamba makundi madogo kiasi hicho hayatajwi kwa jina, ili watu wake wasije wakatambulika.

"Wanasema wanalinda faragha yake," alinisimulia, ameshika kikombe kisicho na chai. "Na mama hataki kingine, ndugu yangu. Anataka atambulike."

Nilimhurumia, na nilikasirika pia, ila hasira yenyewe sikuwa na wa kumpelekea. Karani alikuwa sahihi, ofisa alikuwa sahihi.

Mwishowe akamwendea mhariri mkuu kuomba sentensi moja tu. Mwanamke yule hana roho mbaya. Alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwuliza, "Chanzo chako ni nani?"

"Mama yangu."

"Mwongozo wetu si uliuandika wewe? Maneno ya nyumbani si chanzo, ndivyo ulivyosema. Nimeshawarudishia wenzako makala kwa ajili hiyo hiyo. Leo nikukubalie wewe, wao niwaambie nini?"

Asilimia akainuka, akaaga. Alirudi mezani akaandika: "Kwa mujibu wa sensa iliyopita, makabila mengine kwa pamoja ni asilimia 0.7 ya wakazi wote." Sentensi imenyooka, kila mtu anaielewa. Niliitafutia kosa kwa makusudi, nikalikosa.

Wiki ile ile mama akazidiwa. Asilimia aliniomba nimsindikize, nadhani aliogopa kuingia peke yake. Chumba kilinuka dawa ya kuchua, na pazia lilikuwa limefungwa kwa sababu mwanga ulimuumiza macho. Kusoma alikuwa ameshaacha.

"Shikamoo, mama," nilimwamkia.

"Marahaba, mwanangu." Kisha akageuza uso kwa mwanawe. "Umeniletea?"

Asilimia akaukunjua ukurasa, akaketi, akakishika kidole cha mama yake na kukiweka juu ya mstari ule.

"Ni hapa?"

"Ni hapa, mama."

Kidole kikatembea juu ya karatasi, kikafika mwisho wa mstari, kikarudi. Uso wake ulichangamka hata nikaona aibu kutazama.

"Mimi nilidhani tumekwisha," alisema. "Kumbe tupo. Tuko wangapi, baba?"

Asilimia akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati. Nikangoja namba, maana kwa miaka yote ile sikuwahi kumsikia akikosa namba.

"Wengi, mama," alisema. "Tuko wengi."

Mama akalirudia neno hilo, kisha akaomba karatasi iwekwe chini ya mto wake. Mimi nikalitazama pazia. Sikuwa na ubavu wa kumwuliza wengi ni wangapi.