Kichwa cha Wiebe

Mkutubi wetu hapa Groningen hapendi kitu chochote kuliko vitabu vya ubongo. Humweleza kila msomaji kwamba jicho lina doa lisiloona, na ubongo huliziba kwa kubuni. Kisha hufumba jicho moja, akakazia lingine kwenye kidole chake chenye wino, akakisogeza pembeni polepole hadi kichwa changu kiingie kwenye doa hilo. "Tulia, Wiebe. Haya, nimekukata kichwa!" Hucheka mpaka akohoe. Jumatatu alinikata kama kawaida, akafumbua jicho. Kicheko kikakatika. "Wiebe, hakijarudi." "Acha utani, dada." "Naona kola ya shati lako. Juu yake naona rafu za vitabu tu." Nikapiga simu kuita gari la wagonjwa, naye akinipapasa pua, midomo, kope. "Kipo," alinong'ona, akiwa bado anatazama rafu zilizo nyuma yangu.