Mjumbe Asiye na Chumba

Katika Kata ya Kafalchaur, pembezoni mwa jiji la Pokhara, uchaguzi ulijulikana kwa tarumbeta. Mwaka 1992, na tena 1997, mzee Kulbir Pariyar, fundi cherehani, aliwapigia washindi wa ukoo wa Subedi mpaka midomo ikamvimba. Kisha alilishwa wali nje ya ua, wa mwisho, kwenye sahani ya majani, maana watu wa tabaka lake hawaguswi. Baada ya hapo ikapita miaka ishirini bila kura hata moja. Makarani wakaiendesha kata watakavyo, na mzee akafa.

Mwaka 2017 sheria mpya ikaleta kizaazaa: kila baraza la kata liwe na mwanamke mmoja wa matabaka hayo ya chini. Vyama vikaanza kuwasaka nyumba hadi nyumba. Homnath Subedi, aliyekuwa anagombea uenyekiti, akainama mlangoni kwa Sanmaya, binti wa mzee Kulbir.

"Dada Sanmaya, fomu hii hapa. Wewe weka sahihi tu."

"Leo njia ya kwangu umeijulia wapi, kaka?"

"Acha utani, dada. Tunakufanya mheshimiwa!"

Sanmaya akashinda kwa kura elfu moja mia tisa. Siku ile alilia kwa furaha, maskini, akaamini mambo yamegeuka. Miaka mitano alikaa mwisho wa meza, akinyoosha mkono wenzake waliponyoosha. Aliunyoosha hata siku ya kupitisha upanuzi wa barabara. Ramani alionyeshwa baadaye: barabara ilipita juu ya kibanda chake. Hati ya kiwanja hakuwa nayo, kwa hiyo fidia hakuna. Tingatinga lingekuja baada ya mwezi mmoja, na mama yake hakuweza tena kupanda ngazi.

Bi Bhuwani Subedi alikuwa na vyumba viwili vya chini, vitupu.

"Si mimi, Mheshimiwa," alisema, akiuziba mlango kwa mwili wake. "Mama mkwe hatakubali. Bomba la maji ni moja."

"Si ulinipigia kura wewe?"

"Nilikupa, tena kwa moyo mmoja! Lakini kura haiingii jikoni kwangu."

Sanmaya akaenda moja kwa moja kwa Homnath. "Mwenyekiti, Bhuwani amenikatalia chumba kwa ajili ya tabaka langu. Sheria inamfunga mtu kwa jambo hili."

"Naijua. Ila uchaguzi umebaki wiki sita, na ukoo wetu una kura mia mbili. Ukimshtaki Bhuwani, tumekwisha wote. Vumilia, dada. Kwangu kungekuwa na nafasi, ningekupa leo hii."

Kwenye geti lake kilining'inia kibao: vyumba vinapangishwa. Sanmaya alikisoma wakati anatoka. Alitamani kurudi amtukane mbele ya mkewe. Akayameza matusi, kwa sababu bila kile kiti hata huyo Homnath asingemfungulia mlango.

Alivuka daraja, akatafuta kata ya jirani ambako hawamjui. Mzee Tilak, mwenye nyumba, alimuuliza jina la ukoo kabla hajamwonyesha chumba.

"Gurung," akajibu Sanmaya, jina la watu wanaoguswa, na ufunguo akapewa papo hapo.

"Jina la baba yako umeliacha ng'ambo?" mama yake alimuuliza jioni ile.

"Nimeliacha kwenye karatasi za kura, mama. Huko ndiko linakotakiwa."

Yeye na Homnath wakagombea tena, wakashinda tena, na safari hii kura za Sanmaya ziliongezeka. Matokeo yalipotangazwa aliaga ili arudi nyumbani kwa miguu. Homnath hakutaka kusikia. Akampandisha kwenye pikapu yenye spika, wakavuka daraja.

"Nishusheni hapa, kaka. Nakuomba. Zima hiyo spika."

"Usione haya, Mheshimiwa!" Homnath akamcheka, akachukua kipaza sauti yeye mwenyewe. "Sanmaya Pariyar! Sanmaya Pariyar, mshindi wetu!"

Aliita hivyo mtaa mzima, mpaka getini. Mzee Tilak alitoka, akasikiliza, akamtazama Sanmaya na mashada yake ya maua. Akarudi hatua mbili nyuma, ndipo akakutanisha viganja kumsalimu.

"Hongera, Mheshimiwa. Chumba changu nitakihitaji Jumamosi."

Homnath alisikia. Akamgongea dereva waondoke, wapo washindi wengine wa kupelekwa. Ndani, mama yake Sanmaya alikuwa ameshaanza kukunja matandiko.