Ngano ya Arobaini

Nilirudi kazini kabla eda yangu haijaisha. Ninalisema kwa sababu ni kweli, na shemeji yangu analijua. Kazi ya kuhudumia wazee majumbani haimsubiri mjane.

Jengo lilikuwa Thamesmead, huku ughaibuni, ghorofa ya nne, milango miwili inatazamana. Kushoto alikaa bibi wa Makedonia, ambaye naye alikuwa amefiwa na mumewe siku zile zile. Kulia alikaa bibi wa Kigiriki. Nikimaliza kumwogesha wa kwanza, navuka hatua nne kumpa wa pili dawa zake. Walikuwa hawasemeshani miaka mingi, kisa jina la nchi.

Mgiriki alisema Makedonia ni jimbo la kwao, na yule mfalme wa kale aliyeteka nusu ya dunia ni wao, majirani wamemdandia tu. Serikali mbili zilipokubaliana nchi ile iitwe Makedonia Kaskazini, aliniamuru niiite hivyo nikiwa nyumbani mwake. Wa kushoto naye alisema mama yake hakumzaa Kaskazini, hilo wamebandikwa kama karatasi ya bei. Basi kushoto nilitamka jina fupi, kulia nikatamka refu. Niliomba ofisini nibadilishiwe jengo, nikaambiwa hakuna mtu mwingine.

Nilikuwa na sababu ya kunyamaza. Mume wangu alizaliwa Pemba. Fomu ya kifo ilipouliza nchi, niliandika Tanzania, kama pasipoti yake ilivyosema. Shemeji alitaka Zanzibar. Aliniambia nimemzika kaka yake mara mbili, na hajanipigia simu tena.

Siku ya arobaini ya mumewe, bibi wa kushoto alichemsha ngano, akatia sukari, kokwa za jozi na zabibu kavu. Kwao kila anayeila humwombea marehemu msamaha. Watoto hakuwa nao, na wenzake wa zamani walikuwa wamekwisha. Nilikula nikamwombea. Akanijazia sahani nyingine.

"Mpe yeyote atakayemwombea," akasema. "Mtu mmoja hatoshi."

Kwetu chakula cha arobaini huanza kwa jirani. Miguu ilinivusha kabla sijafikiri. Mgiriki alionja, akafumba macho, akasema maneno kwa lugha yake, kisha akanifasiria: Mungu amsamehe. Akala mpaka ikaisha. Hiki ni chakula chetu tangu kale, akaniambia, na akauliza ni Mgiriki gani aliyefariki.

Nilisema naenda kuosha sahani. Pale jikoni nikakumbuka kwamba kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Mkobani nilikuwa na vipande viwili vya mkate wa kumimina, chakula changu cha mchana. Nilitaka kuviweka, nimwambie bibi wa kushoto kwamba vimetoka kwa mwenzake. Nikavitoa, nikavitazama, nikavirudisha mkobani.

Bibi wa kushoto alikuwa amesimama mlangoni kwake ananisubiri. Akauliza nani amekula. Nikamwambia.

"Anajua ilikuwa ya nani?"

"Hajui."

"Basi rudi ukamwambie. Sitaki mume wangu apate dua iliyoibwa."

Nilisimama ujiani na sahani mkononi. Nikisema, marehemu huenda akapoteza dua aliyokwisha kuipata. Nisiposema, mkewe haipokei. Lifti ikaja, ikafunguka, ikajifunga, na mimi niko pale pale.

Nikarudi kulia, nikamwambia ngano ilikuwa ya nani.

"Kumbe na ngano wameichukua," Mgiriki akasema. Kisha akasema, "Sukari imezidi."

Nilimuuliza kama anairudisha ile dua yake. Sijawahi kumuuliza mzee wa watu swali kama hilo.

"Mungu nimeshamwambia," akajibu. "Ondoka na sahani yao."

Nilimweleza wa kushoto yote, pamoja na lile la kuchukua na lile la sukari, kwa sababu kumficha nusu kungekuwa kumdanganya. Hayo hakuyajali. Aliuliza tu kama dua ilirudishwa. Nikamwambia haikurudishwa. Akaipokea sahani ikiwa tupu, akafunga mlango.

Marehemu wangu nilimwombea peke yangu, nikishuka kwenye lifti.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa kati ya milango ile ile. Kushoto fupi, kulia refu.