Fataki Lazima Ikae Chini

Mwaka wa 1972 nilikuwa na miaka tisa, na ndipo taabu ilipoanza.

Baba yangu alikuwa mwindaji wa gobore, kwetu milimani, Kongo ya mashariki. Gobore linawashwa na fataki, kikombe kidogo cha shaba kisichofika hata punje ya hindi, kina dawa ndani. Nyundo ya bunduki ikikigonga kinatoa cheche, na cheche inawasha baruti. Siku hiyo jirani alimwekea baba fataki kwa haraka, haikukaa vizuri. Baba alivuta, ikalia ta! na kunyamaza. Akashusha bunduki aangalie kuna nini. Ikapasuka hapo hapo. Mkono wake wa kulia ulibaki na vidole viwili.

Mkono ule ulikuwa shamba letu, na nyama yetu, na shule yangu. Niliacha darasa la tatu nikashika jembe. Jirani alikuja kuomba msamaha, kakamata kuku kwa miguu. Kuku mmoja kwa vidole vitatu! Akasema mbele ya mama yangu, "Nilifikiri imeingia." Nilifikiri. Neno hilo nimelichukia zaidi ya miaka hamsini. Mtu akiniambia kazini "nilifikiri mlango umefungwa," "nilifikiri umeme umezimwa," namuona yule jirani na kuku wake.

Nayasema haya ili mjue kwa nini fataki si mchezo kwangu. Watu kanisani wananicheka. Wanasema, mzee huyu amekimbia vita, amefika Amerika, sasa anatengeneza risasi chini ya nyumba. Waache wacheke. Nyama ya kulungu wanakula, na mate yanawatoka.

Kazi hii niliijulia Louisville. Tulifikia kule Highview, familia nzima katika vyumba viwili, mimi nikifanya kazi ghalani, kubeba maboksi. Bosi wangu wa zamu alikuwa mzungu mzee, mwindaji. Kiingereza changu kilikuwa maneno kumi na chake kilikuwa kingi mno, donc tulielewana kwa mikono. Alinipeleka kwenye karakana yake akanionyesha: ganda la risasi iliyokwisha pigwa halitupwi. Unalisafisha, unalirudisha umbo, unaweka fataki mpya kitakoni, unapima baruti, unafunga na kichwa cha risasi juu. Nusu ya akili ya kazi yote, akanionyesha, ni ile fataki.

Kitundu cha kitakoni kwanza ukikwangue masizi. Masizi yakibaki, fataki itakaa juu yake kama mtu aliyekalia kiti chenye mzigo. Halafu unaishindilia kwa kifaa cha mkono, polepole, mpaka ifike chini na mkono wenyewe ukuambie imefika. Lazima iingie ndani ya kitako kwa unywele tu. Ikibaki juu, pini ya bunduki ikiigonga, nguvu yote inaishia kuisukuma ndani badala ya kuiwasha. Na ukiifunga bunduki kwa nguvu juu ya fataki iliyotokeza, inaweza kulipuka kabla hujataka. Yule mzungu alipitisha kidole gumba juu ya kila ganda, moja moja, macho yamefumbwa. Nami nikafanya hivyo. Vitabu vyake sikuweza kusoma. Binti yangu mkubwa alinisomea vipimo vya baruti, nikavishika kichwani. Lakini fataki haikutaka kitabu. Ilitaka kidole.

Na kidole nilikuwa nacho. Nilijisifu, na nilikuwa na haki.

Kutoka Louisville tulienda Columbus, kiwanda cha nyama. Miaka sita nilisimama kwenye baridi nimeshika kisu cha umeme, kisu kinachotetemeka kama mtu mwenye homa, kuanzia asubuhi mpaka wanaposema basi. Mkono ulikuwa ukitetemeka hata nikiwa kitandani. Nilimwambia msimamizi. Akanipa glovu. Mkono wa mtu unakufa, wao wanaleta glovu! Lakini nilikaa, kwa sababu nilikuwa nataka nyumba, na nyumba niliipata Buffalo, mtaa wa Black Rock, karibu na mto, nyumba iliyokuwa imetoboka paa ambayo hakuna aliyeitaka. Niliiziba mwenyewe. Chini yake nikajenga meza yangu ya risasi.

Bon. Tufike kwenye jambo lenyewe.

Binti yangu mkubwa alibaki Columbus, akaolewa na Mkenya aliyekuja kusoma, sasa ana kazi ya ofisi na nyumba Westerville. Mkwe wangu ni mtu mzuri. Anavaa viatu safi hata porini. Novemba iliyopita walikuja na wajukuu wangu wawili, na Jumamosi asubuhi nikamchukua mkwe kwenda kuwinda, shamba la rafiki, kusini mwa mji. Kwa heshima nilimpa bunduki yangu apige yeye.

Kulungu dume alitoka, akasimama ubavu. Mkwe akavuta.

Ta.

Hapo sikuwa tena na miaka sitini na kitu. Mkwe alianza kushusha bunduki aangalie kuna nini, kama baba yangu, vile vile kabisa. Nilirukia mtutu nikaukaza uelekee mbele.

"Usifungue! Usiguse! Mjinga wewe, shikilia hivyo hivyo!"

Kwetu mtu hamwiti mkwe wake mjinga. Hata kumpigia kelele ni aibu. Tulikaa hivyo, mtutu mbele, nikahesabu kimoyomoyo mpaka nikachoka kuhesabu. Kulungu alikuwa amekwenda zamani. Nilipofungua na kutoa ile risasi, fataki ilikuwa na alama ya pini, lakini alama ya juu juu tu.

Mkwe akavuta pumzi. "Mzee, pole. Lakini hiyo fataki haikuwa imekaa. Si tununue tu zile za duka?"

Haikukaa! Mimi! Nilirudi nyumbani nikiendesha gari kwa hasira. Yeye alisema yote jikoni, hakuwa na ubaya, alisema tu kama anavyosimulia mpira. Binti yangu akaweka chini kijiko.

"Papa, imetosha. Ile meza itoke."

"Meza yangu?"

"Ama meza inatoka, ama mimi na watoto hatulali tena hapa. Mimi ndiye nilikusomea vitabu vile, papa. Najua kinachoweza kutokea. Na wewe unajua kuliko mimi."

Wajukuu wangu hulala kwangu kila likizo. Nyumba nzima niliiziba kwa ajili yao. Kwa hiyo mniwie radhi kwa nilichosema baadaye, ingawa mke wangu hakuniwia.

Nikamgeukia yeye. Mwezi wa tisa mama wa maombi wa kanisani kwake walikuja nyumbani kubariki vyumba, wakapita na mafuta ya upako, mpaka chini. Na mafuta ni adui wa fataki. Tone moja kwenye kidole linaua dawa yake, hata ugonge mara mia haiwaki. Nikasema kwa sauti kubwa, watoto wakisikia, "Hawa mama zako wamenipaka mafuta mezani! Wameniulia fataki kwa jina la Bwana!"

Mke wangu hakusimama hata. Alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo.

"Baba ya watoto, mafuta tulipaka mlangoni. Meza yako hakuna aliyeigusa, tunakuogopa. Uliza vidole vyako."

"Vidole vyangu vina nini?"

"Juzi uligusa sufuria jikoni kwa gumba, ya moto. Ulisikia nini?"

"Haikuwa ya moto."

"Ilikuwa inachemka," akasema. "Mimi nilikuona. Shati lako sasa nakufungia vifungo mimi, unadhani ni mapenzi?"

Mkwe wangu aliangalia sakafu, na binti yangu akacheka bila kutaka. Nikatoka nje kwenye theluji bila koti.

Sasa sikilizeni, kwa maana nilijitega mwenyewe. Nilirudi ndani nikawaambia wote, kwa kiburi, ukweli utajulikana kesho. Fataki iliyouawa na mafuta haiwaki tena kamwe. Fataki iliyokaa juu, ile pigo la kwanza limeisukuma chini, donc pigo la pili linaiwasha. Tutairudisha risasi ile ile kwenye bunduki, kwenye kiwanja cha shabaha, salama. Isipowaka, mama wa maombi wataniomba msamaha. Ikiwaka, makosa ni yangu.

Jumapili baada ya ibada tulikwenda, mkwe na mimi, na mke wangu naye alipanda gari na nguo zake za kanisa. Nikaiweka ile risasi. Nikalenga udongo. Nikavuta.

Iliwaka vizuri sana. Mlio ulienda mpaka msituni ukarudi.

Mke wangu alirekebisha kitambaa chake cha kichwa tu. Ningependa angesema kitu, ningepata wa kumkasirikia.

Nyumbani nikachukua rula ya chuma, nikailaza kitakoni mwa kila risasi iliyobaki kwenye boksi. Ikikaa sawa, fataki iko chini. Ikitikisika kama bembea, fataki iko juu. Kati ya kumi na tisa, nne zilitikisika. Nne nilizipitisha mimi, kwa gumba langu, macho yamefumbwa kama mtaalamu. Nilijichoma gumba kwa sindano ya mke wangu. Niliona damu. Sikusikia kitu.

Mkwe aliuliza taratibu, "Mzee, si tuzisukume tu kidogo ziingie?"

"Hapana. Ikishakuwa na baruti ndani, fataki haiguswi. Zinavunjwa."

Nikazivunja zote nne mbele yake, kichwa huku, baruti kule. Kisha nikamwambia neno nililolibeba tangu kiwanjani.

"Nilifikiri imeingia."

Akasema, "Si kitu, mzee." Lakini si kitu ni nini? Nina hasira na kile kiwanda mpaka leo. Walichukua kidole changu wakakiacha mahali pake, kama mwizi anayekula mayai na kuacha maganda. Na nina hasira zaidi na mwenye kidole, aliyejua kuwa sufuria ni ya moto kwa sababu ya mvuke tu, akaamua kunyamaza.

Wiki mbili baadaye nilikwenda Columbus kwa gari, na kuku hai ndani ya boksi, nimemnunua kwa mkulima njiani. Mkwe alifungua mlango, akaona miguu inatoka.

"Mzee! Hapa Westerville kuku hawafugwi."

"Huyu si wa kufugwa. Huyu ni kwa sababu nilikuita mjinga, na kwa sababu ya fataki. Lete kisu."

Binti yangu alisimama nyuma yake. Hadithi ya babu yake anaijua. Alimwangalia kuku muda mrefu, akasema, "Meza ibaki. Lakini mama apitishe kidole. Si wewe. Mama."

Yule jirani wa 1972 sijamsamehe. Mkwe wangu anavyo vidole kumi, baba yangu alizikwa na saba. Lakini kuku wa jirani yule sasa namwelewa.

Nilivyo navyo leo: nyumba ya ghorofa moja Black Rock, paa lake nimeliweka mimi. Gari moja, na lingine lisilowaka. Friza mbili, moja ina kulungu. Bunduki moja. Meza ya risasi, na juu yake rula ya chuma iliyofungwa kwa kamba isipotee. Kiti cha pili mezani hapo, cha mke wangu, anayepitisha kidole chake juu ya kila kitako na kunirudishia. Vidole vyangu kumi, tisa vinasikia.