Chumba cha Mama

Mama alitukataza kusema. Tulikuwa tunahama Thornton Heath kwenda Harrow, na kwa mama yangu kuhama ni jambo la kufanywa kimyakimya, kama mimba changa. Husemi mpaka umeshaingia, umeshafukiza ubani, umeshalala usiku wa kwanza. Ukisema kabla, yupo atakayekuonea kijicho na nyumba ikutoke mkononi. Nimeishi London miaka mingi na mambo hayo bado nayaamini, sijui kwa nini. Labda kwa sababu kila nilichowahi kukitangaza kiliharibika.

Tulihama kwa ajili ya magoti yake. Tulikuwa tukikaa ghorofa ya tatu juu ya saluni, ngazi nyembamba, lifti hakuna. Tangu magoti yalipomshinda, mama alikuwa hatoki ila kwenda hospitali, na siku hizo nilimshusha ngazi mojamoja huku akinisema kwamba namvuta kama gunia. Dunia yake ilikuwa dirisha. Alijua nani kaachwa na basi, nani kanunua viatu vipya. Usiku alilala chumba kimoja na binti yangu, ambaye ameshakuwa msichana mkubwa na anataka mlango wake wa kufunga.

Basi nilipopata nyumba ya chini Harrow, vyumba vitatu, mlango wa jikoni unatokea moja kwa moja kwenye kibustani, sikufikiri mara mbili. Kodi ilikuwa juu, tena juu hasa. Mimi kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao, mshahara wenyewe wa kuungaunga, na serikali hunisaidia kulipa kodi. Nikajiambia: kodi ikipanda, na msaada utapanda. Nikatia saini mkataba wa mwaka.

Mtu ambaye angenizindua alikuwa chini yetu tu, ghorofa ya kwanza. Jirani yangu Mkenya, kazi yake ni kuwaelekeza watu mambo ya benefiti, hiyo misaada ya serikali, na kila Jumamosi tulikunywa chai pamoja. Jumamosi ile ya mwisho alipanda kwetu, akaona maboksi, akauliza kulikoni.

"Nguo za kugawa hizo," mama akadakia kabla sijafungua mdomo. Nami nikamwongezea jirani chai.

Siku ya kuingia, mama alifukiza ubani mpaka king'ora cha moshi kikalia. Binti yangu alikimbilia taulo akaanza kukipepea. "Bibi, they'll evict us before we unpack!" Hilo la kufukuzwa kabla hata hatujafungua maboksi lilituchekesha mpaka tukakaa chini. Kisha mama akafungua mlango wa jikoni mwenyewe, akatoka na mkongojo wake, akasimama kwenye majani. Akavua kiatu kimoja. Nilifurahi siku ile kama ambavyo sikuwa nimefurahi kwa muda mrefu sana.

Nikaripoti kwamba nimehama, kama inavyotakiwa, nikasubiri. Msaada ulipanda kweli, lakini kidogo, hata nikadhani wamekosea. Nikapiga simu, nikasikilizishwa muziki mpaka sikio likauma, mwisho dada mmoja mpole akaniambia hakuna kosa lolote. Ndipo nikampigia jirani, kwa aibu.

Alikuja Jumapili na chapati zilizofungwa kwa taulo, toka upande wa pili wa London. Hakununa. Alikaa jikoni akasoma mkataba, kisha akauweka chini.

"Sasa wewe, si ungeniambia kabla ya ku-sign? Hao hawaangalii kodi yako. Kila area iko na limit yake, kulingana na vyumba mnavyohitaji. Nyumba ikipita hapo, difference unalipa wewe mwenyewe."

"Na nikifanya kazi zaidi?"

"Ukipata zaidi, wanapunguza msaada. Utabaki na kitu, lakini si yote."

Nilikasirika. Si naye. Nilimkasirikia mama na mahasidi wake wa kufikirika, ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kunikosesha kitu kama tulivyojikosesha sisi wenyewe. Nikachukua zamu za ziada. Nyama ikawa ya Ijumaa. Mama akaanza kusema ameshiba kabla chakula hakijapakuliwa, nami nikajifanya simsikii.

Jioni moja nimerudi kazini nikamkuta kakaa kitandani, begi kalifunga. Anakwenda kwa kaka yangu Leicester. Kaka yangu anakaa ghorofani.

"Mimi ndiye mzigo, mwanangu. Nikiondoka hii kodi utaiweza."

"Huwezi kuondoka, mama. Wanahesabu vyumba kwa watu. Chumba chako kikikosa mtu, msaada unashuka, na kodi ni ileile."

Akaniangalia. "Kwa hiyo nabaki ili chumba kisiwe kitupu?"

Koti lilikuwa bado mwilini, miguu inaniwaka. Ningeweza kumwambia kwamba nyumba hii yote niliitafuta kwa ajili ya miguu yake. Ningeweza kumwambia nampenda, neno ambalo kwetu halisemwi hivihivi. Lakini nilichosema ni, "Ndiyo, mama. Jirani kanieleza." Na nililiona neno likimwingia.

Akafungua begi, akaanza kurudisha kanga zake kabatini, akizikunja upya. "Haya," akasema. "Basi nami nimepata kazi."

Nilidhani ananitania. Lakini tangu siku ile mlango wa chumba chake hushinda wazi na taa inawaka mchana kutwa, ili yeyote atakayekuja kukagua aone kuna mtu. Nimemwambia hakuna anayekuja. Jirani naye amemwambia. Ananijibu kwamba hata yale maboksi ya nguo za kugawa tulidhani hakuna atakayejua, na jirani akajua. Mlango wa jikoni naufungua kila asubuhi kabla sijaenda kazini, namwekea kiti nje. Nikirudi nakikuta palepale, na mama yuko kitandani, amekaa wima, anakilinda chumba.